Filamu za Tamasha Zinasema na Nani?

Kuna ugonjwa umetuingia sisi tunaojiita waandishi chipukizi. Filamu ikishaonyeshwa Toronto au Berlin, mmoja wetu anaisifu kabla hajaiona. Mwingine akisikia haina ngumi, mchawi wala mama mkwe mkorofi, anaitupa pembeni: "Hiyo ya wazungu, bwana." Wote wawili hawajaangalia kitu. Wa kwanza kaangalia cheti, wa pili kaangalia jalada. Mimi nasema tuziangalie filamu zenyewe, tuzipime kama tunavyozipima riwaya: fani yake ikoje, maudhui yake yakoje, na juu ya yote, inasema na nani?

Ndugu msomaji, nimechagua filamu nne za miaka ya karibuni, mbili za kwetu na mbili za jirani zetu Wakenya. Sikuzionea ukumbini. Huku tunaangalia kwenye vibanda umiza, kwenye simu na kwenye kompyuta za kuazimana, tukiwa watano benchi moja. Na mimi naona hapo ndipo mahali pazuri pa kuipima filamu, maana mtu wa kibandani hajui aibu. Ikimchosha anatoka nje kununua karanga.

Nianze na ile inayotajwa zaidi, Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka 2021. Ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya Kitanzania kuchaguliwa kwenye tamasha la Toronto, na 2022 ikapelekwa kuiwakilisha nchi kwenye mashindano ya Oscar, zaidi ya miaka 20 tangu Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill ipelekwe. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999, riwaya ambayo wengi wetu tuliisoma kidato cha tano na cha sita, tukazikariri dhamira zake kwa ajili ya mtihani. Ndiyo maana lawama ya kwanza unayoisikia ni hii: "Mbona kitabuni siyo hivi?" Kitabuni Yasmin anavuka bahari mpaka Mombasa, anahangaika, anarudi, anafukuzwa na wa kwao. Filamu imebana mambo mengi, imetulia Unguja.

Lawama hiyo siikubali. Kitabu kina kurasa, filamu ina dakika. Mwongozaji ana haki ya kukata, mradi akikata asiondoe mshipa. Swali langu ni kama mshipa umebaki. Kwa Mwajuma, umebaki. Siti Amina, ambaye ni mwimbaji wa taarabu hasa, anauingiza uhai kila anapotokea. Ukimwona unaamini kwamba Ng'ambo ya miaka ya 1950 ilikuwa na wanawake waliojua kucheka na kujitegemea bila kumwomba ruhusa mtu. Kwa Yasmin na Denge nina shaka. Msichana aliyelelewa ndani, akaozwa kwa mzee, anaanza kupenda mwanaharakati anayesakwa na polisi wa Mwingereza. Hilo ni jambo zito. Adam Shafi alilijenga siku kwa siku, chumbani kwa Mwajuma, kwa njaa, kwa hofu, kwa maneno ya majirani. Kwenye filamu tunapewa macho, taa nyekundu na ukimya mtamu. Ni pazuri, wala sibishi. Lakini uzuri huo wakati mwingine umekaa mahali pa sababu. Hata umaskini wa Ng'ambo umepakwa rangi mpaka mtu anatamani kuupiga picha autundike ukutani.

Hata hivyo ninaiheshimu filamu hii kwa jambo moja kubwa: Kiswahili chake. Watu wanaongea Kiunguja bila kujieleza kwa mgeni. Hakuna mhusika anayesimama kutufafanulia ukoloni ni nini. Shivji alikuwa keshaonyesha sikio hilo kwenye T-Junction ya 2017, na hapa kalitumia vizuri zaidi.

Ya pili ni Binti ya Seko Shamte, nayo ya 2021. Wanawake wanne wa Dar es Salaam: mmoja kabanwa na deni la biashara, mmoja na mchumba mwenye mkono mwepesi, mmoja na mtoto asiyepatikana, mmoja na mtoto mwenye mahitaji maalumu. Niseme wazi, watu niliokuwa nao benchi moja waliiangalia hii bila kutikisika kuliko nilivyotegemea, na wanaume ndio walionyamaza zaidi. Waigizaji wanacheza kwa kiasi, hawalii kwa kupiga kelele kama tulivyozoeshwa na sinema za CD. Kasoro yake ni haraka. Hadithi nne ndani ya saa moja na nusu ni sawa na kualikwa nyumba nne kwa mlo mmoja: kila ukianza kuipata ladha, unaambiwa simama twende. Yule wa duka angeweza kubeba filamu nzima peke yake. Deni, ndugu zangu, ni tamthilia iliyokamilika. Waulize wakulima wa kahawa wa Mbinga wanaokula mkopo wa mavuno ambayo bado yako mtini.

Nije kwa Wakenya. Supa Modo ya Likarion Wainaina ilitoka 2018, ikaonyeshwa Berlin, ikatembea dunia nzima. Jo ni mtoto wa miaka 9, mgonjwa asiye wa kupona, anayependa sinema za mashujaa wanaopaa. Mama yake anamtoa hospitali, anamrudisha kijijini. Dada yake hakubali mtoto akae kitandani kusubiri siku, basi anakiingiza kijiji kizima kwenye njama: wamfanye Jo aamini kwamba ana nguvu za kishujaa, na mwishowe watengeneze filamu yao wenyewe.

Hii ndiyo filamu ambayo mtoto wa kibanda umiza anajiona ndani yake. Kuna kibanda cha video mle, kuna jamaa anayekiendesha na kusimulia sinema kama walivyozoea wetu kusimuliwa na Lufufu. Wapo wanaosema ni ya kuliza watu makusudi. Kweli, kijiji chake ni chema mno. Mimi nimeishi vijijini. Sijaona kijiji ambacho watu wote wanakubaliana jambo moja bila mwenyekiti kudai posho. Lakini Wainaina hakutudanganya pale penye maumivu yenyewe. Hakuleta mganga, hakuleta mchungaji wa miujiza, hakuleta dawa kutoka Ulaya. Mtoto ni wa kufa, na kila mcheko unajua hivyo. Na dakika 74 zinamtosha kulisema hilo. Sisi tumezoea filamu ya sehemu ya kwanza na ya pili ambayo ingetosha nusu saa.

Ya mwisho, na kwangu ndiyo bora kuliko zote nne, ni Shimoni ya Angela Wamai, ya 2022, iliyotunukiwa Farasi wa Shaba kwenye tamasha la FESPACO, Ouagadougou, mwaka 2023. Mwalimu wa Kiingereza, Geoffrey, anatoka jela, anapelekwa kijijini kwao alikokuwa hataki kurudi. Kule anakutana na mtu aliyemfanyia ubaya alipokuwa mdogo. Basi. Hiyo ndiyo hadithi yote. Na mwalimu huyu, aliyekula maisha yake kwa maneno, hasemi.

Nikiwa naangalia, kijana mmoja wa benchi letu akauliza, "Huyu mbona haongei?" Dakika kumi baadaye aliuliza tena, lakini safari hii kwa sauti ya chini. Baada ya hapo hakuuliza. Hapo ndipo nilipojua filamu imemshika. Kuna mambo ambayo mtu hayasemi kwa sababu aliyemtenda ni mtu wa kuheshimiwa, na anayestahili kuambiwa ndiye anayemheshimu zaidi. Mwandishi wa kawaida angempa Geoffrey hotuba ya kurasa tatu, na muziki wa kinanda juu yake. Wamai anampa mikono, mgongo na pumzi, na anatuachia sisi kazi ya kuunganisha. Halafu hamsafishi. Huyu mtu alifungwa kwa kosa la kweli, na aliyeumizwa utotoni akaja kuumiza ukubwani. Unamhurumia na unamwogopa ndani ya dakika ileile. Nionyeshe filamu yetu moja ambayo imethubutu hivyo.

Kuna hoja nimeisikia mara nyingi, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Wanasema watu wa huku hawataki filamu tulivu, wanataka makofi na ugomvi. Uongo. Watu hawa wanaojua kukaa msibani usiku kucha bila neno? Wanaoweza kukaa mchangani Liuli asubuhi nzima wakimtazama mvuvi anavyoshona wavu wake uliochanwa, wakijua kila shimo la wavu lina maana gani kwa chakula cha jioni? Utulivu hauwachoshi. Kinachowachosha ni utupu. Ukimya wa Shimoni umejaa. Ukimya wa filamu nyingi za kuombea tuzo ni mtu anatembea kwa sababu mwandishi kaishiwa.

Sasa, yanatuhusu nini sisi wa Mbinga na ufuko wa Nyasa? Yanatuhusu sana, maana mwandishi kijana wa huku anavutwa na mabwana wawili. Bwana wa kwanza yuko Dar, anataka kelele. Kijiji kwake ni mahali pa kuchekesha. Mzee wa kijijini lazima aongee Kiswahili kilichovunjika ili wa mjini wacheke. Bwana wa pili ana fungu la fedha na fomu ya maombi, anataka dhiki: mtoto analia, mwanamke amebeba kuni, mgonjwa amelala mkekani. Wote wawili hawatujui, na wote wawili wanatulipa, au angalau wanatuahidi kutulipa.

Mimi nadai kuna mtazamaji wa tatu, naye ni yule wa benchi. Shimoni imethubutu kuwaacha watu waseme Kikikuyu pale ambapo wangesema Kikikuyu, na hakuna aliyecheka. Basi na bibi wa Kimatengo anaweza kulia kwa Kimatengo. Maandishi yatawekwa chini, watu watasoma.

Na habari za kuandika zimejaa. Chukua ngoro, yale mashimo ya kilimo cha milimani ambayo wageni huja kuyapiga picha. Kwa desturi mwanaume hufyeka nyasi na kuzilaza mistari mistari ikakatana, mwanamke hufuata na jembe akizifunika kwa udongo. Mume na mke waliogombana jana usiku, leo wanatengeneza ngoro moja bila kusemeshana: yeye analaza, yeye anafukia. Mwenye macho ya Wamai angepata hapo filamu ya dakika 20 isiyohitaji neno hata moja.

Au chukua Liuli, Agosti 1914. Meli ya Waingereza, Gwendolen, ilikuja kuipiga mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu ikitengenezwa. Ni katika mapigano ya kwanza kabisa ya majini ya Vita Kuu ya Kwanza, na yalikuwa ziwani kwetu! Habari hii husimuliwa kama kichekesho: makapteni wawili, Rhoades na Berndt, walikuwa marafiki wa kunywa pamoja, na Mjerumani alikuwa hajapata habari kwamba vita imeanza, akaja na mtumbwi kumgombeza mwenzake. Inachekesha, sawa. Lakini mafundi na vibarua waliokuwa ufukoni pale, waliosikia mlio ule bila kuwa na rafiki upande wowote, wako wapi kwenye kichekesho hicho? Mtu wa Ulaya akiitengeneza filamu hii ataanza na chupa ya makapteni. Wewe wa Liuli utaanza na nini?

Hapo ndipo penye tofauti ya kusema na nani. Vuta N'kuvute inapopoteza njia, ni pale inaponong'ona na jaji wa Toronto kuhusu uzuri wa Unguja. Inapopata njia ni pale Mwajuma anaposema na mwanamke wa Ng'ambo kana kwamba sisi hatupo. Binti inasema na wanawake wenzake, inakosa muda tu. Supa Modo inasema na mtoto wa kibandani. Shimoni inasema na yule ambaye hajawahi kumwambia mtu. Tuzo ziliwafuata baadaye, na zingekosekana filamu zingebaki zilivyo.

Kwa hiyo wewe mwenzangu mwenye daftari lenye mswada wa filamu chini ya godoro, usiulize kwanza tamasha gani linapokea. Utoe. Nenda nao kibandani mchana kabla mpira haujaanza, uwasomee kwa sauti watu watano. Watakapotoka kwenda kununua karanga, weka alama kwenye ukurasa huo, kisha urudi nyumbani ukaandike upya.