Kengele Mbili za Mbuzi

Mbuzi wa kwetu Gachoka huvishwa kengele shingoni. Jioni wakirudi kutoka malishoni, hutokea kengele mbili zikalia karibu sawa, ila si sawa kabisa. Tega sikio hapo. Katikati ya milio hiyo miwili kuna mtetemo mwingine ambao hautoki kwenye kengele yoyote. Ni mtetemo huo ulionifungulia nyimbo za Bulgaria.

Katika vijiji vya Washopi, kandokando ya Sofia, wanawake huimba kwa sauti mbili. Mmoja huubeba wimbo, wenzake hushikilia noti moja. Mwenye wimbo hupanda hatua moja tu juu ya noti hiyo, akatulia papo hapo: do na re kwa pamoja, sauti ya kifuani, kali, isiyotikiswa. Mstari ukiisha, sauti huruka juu ghafla, hiii!, kama mtu anayemwita jirani ng'ambo ya bonde. Nyimbo nyingi za aina hii ziliimbwa nje, wakati wa mavuno. Wenyewe hutaka sauti zilie kama kengele, na hapo ndipo penye kazi. Anayeshikilia noti huvutwa na sauti ya jirani yake kila dakika. Akiifuata hata kidogo, mlio umekufa. Mimi humstahi huyo kuliko mwenye wimbo.

Nikiwa kwenye kwaya ya shule, mimi na mwenzangu tuliwahi kuachana kwa hatua hiyo hiyo moja. Mwamuzi akaandika kwamba sauti zinagongana, akakata alama. Alikuwa na haki. Sisi tulikosea tu, hatukukusudia.

Mmoja wa waliovutwa na muziki wa Wabulgaria alikuwa Mhungaria, na Wahungaria ni watu wengine kabisa. Wakulima wao waliimba sauti moja, na nyimbo zao za kale husimama juu ya noti tano, do re mi so la. Aliyelelewa na nyimbo za pande hizi za Mlima Kenya hapotei humo. Mwanamuziki wao Béla Bartók, aliyezunguka vijijini na mashine ya kunasia sauti kwenye nta, hakuvutwa kwa Wabulgaria na zile sauti mbili. Alivutwa na mdundo. Ngoma yao iitwayo rachenitsa ina mapigo saba: mawili, mawili, matatu. Fupi, fupi, ndefu. Chukua watu wanaotwanga kinu kimoja, halafu kila pigo la tatu mchi ukawie kidogo hewani kabla ya kushuka. Bartók alipouelewa mdundo huo, alizirudia nyimbo za Waromania alizokuwa amezinasa zamani, akakuta nyingine zinachechemea vivyo hivyo, na yeye alikuwa amezinyoosha kwenye karatasi. Mwaka 1938 aliandika makala kuhusu jambo hilo. Kitabu chake cha mazoezi ya piano, Mikrokosmos, chenye vipande 153, hufungwa na ngoma sita za mdundo wa Kibulgaria.

Huko Bulgaria kwenyewe, Philip Koutev aliunda kundi la taifa mwaka 1951, akazipangia nyimbo za vijijini sauti za kwaya bila kuuondoa ule mgongano. Kwaya ya redio iliyofuata njia hiyo ilirekodiwa na Mswisi Marcel Cellier. Santuri ikatoka 1975, na juzuu ya pili ikapata tuzo ya Grammy mwaka 1990.

Sisi nasi tunazo nyimbo za jadi zilizopangiwa sauti nne, husikika kila mwaka kwenye Tamasha la Muziki la Kenya. Nyingi zimepakwa sukari ya vitabu vya tenzi. Koutev alikuwa jasiri kutushinda.

Mwalimu wa kwaya, kabla hujashika kalamu, nenda ukamsikilize nyanya anayeanzisha wimbo arusini. Waitikiaji humdaka kabla hajamaliza, na kwa kitambo kidogo noti mbili jirani husuguana. Paandike hapo kama palivyo, usipanyooshe.