Alama Niliyompa Mpwa Wangu

Mwanzoni mwa mwaka 2021 mpwa wangu, ambaye hufanya kazi ya ghalani huko Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani, aliniletea kwa simu maandishi yapatayo kurasa nne. "Shikamoo Mjomba," alianza, "naomba unisahihishie hoja hii kama ulivyokuwa ukiwasahihishia wanachuo wako." Hoja yenyewe ilikuwa kwamba yeye na wenzake wanne wa zamu moja wameigundua kampuni inayotengeneza vifungashio vinavyooza, kwamba dunia nzima inaikimbia plastiki, kwa hiyo hisa za kampuni hiyo, ambazo wiki zile zilikuwa zikipanda, zitaendelea kupanda. Alikuwa na akiba ya dola 6,000. Fedha hizo alikuwa ameziweka kwa ajili ya kuezeka nyumba ya mama yake, yaani dada yangu, ambayo wakati huo ilikuwa imefika kwenye lenta.

Niliyasoma maandishi yale kwa furaha, na hapana budi nieleze furaha ile ilitoka wapi. Katika chuo cha ualimu nilichokiongoza hadi nilipostaafu, palikuwa na korongo nyuma ya jiko ambalo kila masika lilijaa mifuko ya rambo. Tuliichoma, tukaifukia, ikarudi na mvua. Serikali ilipoipiga marufuku Tanzania Bara, kuanzia tarehe 1 Juni 2019, nilijiona kama mtu aliyeshinda kesi ya miaka mingi. Sasa kijana wa ukoo wangu mwenyewe alikuwa anataka kuweka fedha zake upande wa haki! Nikampa alama 17 kwa 20 na kumwandikia: "Hoja nzuri. Endelea."

Leo nimeichukua tena hoja ile ili niisahihishe kama nilivyopaswa kuisahihisha siku ile. Kampuni yake sitaitaja, kwani kosa ninalolitafuta halikuwa la kampuni. Nitatumia mifano miwili ambayo habari zake ziko wazi kwa kila mtu.

Kosa la kwanza limejificha katika neno dogo, "kwa hiyo". Wasahihishaji wazee wanalijua neno hili. Mwanafunzi hulitumia mahali ambapo daraja halijajengwa, akatumaini msomaji atavuka bila kutazama chini. Plastiki ni balaa. Hiyo ni kweli. Dunia inahitaji kitu cha badala yake. Hiyo pia ni kweli. Lakini kwamba hisa fulani ni nafuu kwa bei ya leo ni jambo lingine kabisa, na katika kurasa zote nne mpwa wangu hakuuliza hata mara moja kama bei ile ilikuwa kubwa au ndogo. Aliitaja bei kama ushahidi tu: inapanda, basi tumo njiani.

Tuitazame kampuni ya Danimer Scientific ya Bainbridge, Georgia. Sayansi yake ilikuwa ya kuvutia, nami niliyefundisha baiolojia kwa miaka mingi nitaieleza kwa ufupi. Kuna bakteria ambao, wakilishwa mafuta ya mbegu za kanola, hujiwekea akiba mwilini kama sisi tunavyojiwekea mafuta. Akiba hiyo ikitolewa na kusafishwa huwa aina ya plastiki inayoweza kuliwa tena na vijidudu vya udongoni. Kampuni iliingia katika soko la hisa la New York mwishoni mwa Desemba 2020, kwa kuungana na kampuni nyingine iliyokuwa na fedha tu, bila kiwanda, na ambayo hisa zake ziliuzwa mwanzo kwa dola 10. Mwezi Februari 2021 hisa moja ilipita dola 60. Mtu aliyenunua kwa bei hiyo hakununua kiwanda kilichokuwapo. Alinunua viwanda ambavyo havijajengwa, vikiwa vimejaa oda ambazo hazijaandikwa.

Mwezi uliofuata gazeti la Wall Street Journal lilichapisha maoni ya wataalamu waliosema kwamba madai ya kampuni kuhusu kuoza kwa bidhaa zake yalikuwa yametiwa chumvi, na hisa zikaanguka. Mwaka 2023 kampuni iliuza bidhaa za thamani isiyofika dola milioni 50, ikapata hasara ya zaidi ya dola milioni 150. Machi 2025 iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Na katika ufilisi, msomaji, mwenye hisa husimama mwisho wa foleni. Mkopeshaji huchota kwanza, na mara nyingi yeye akifika mtungi umekauka.

Kosa la pili ni kuhesabu ahadi kama mauzo. Mpwa wangu alikuwa amejaza ukurasa mzima kwa majina ya makampuni makubwa yaliyotangaza "ushirikiano" na kampuni yake. Danimer nayo ilikuwa na PepsiCo, Nestlé na Mars. Lakini kampuni kubwa haipotezi kitu kikubwa kwa kujaribu kifungashio. Inaweza kujaribu vitano kwa wakati mmoja, ikasifiwa kwa kila kimoja, kisha isinunue hata kimoja. Mgeni aliyekuja kunywa chai hajatoa mahari.

Na jambo hili si geni. Mwaka 1998 kampuni ya EarthShell ya Santa Barbara, California, iliwauzia watu hisa kwa dola 21 kila moja. Yenyewe ilikuwa na ufundi wa kutengeneza vyombo vya chakula kwa unga wa chokaa na wanga wa viazi, na jina lililowapa watu usingizi mtamu lilikuwa McDonald's. Sasa angalia: McDonald's ilikuwa imetangaza tangu mwaka 1990 kwamba inaacha yale makasha ya povu ya kuwekea mikate yake ya nyama, ikageukia karatasi. Kumbe mpinzani wa chombo kipya hakuwa plastiki peke yake, bali karatasi ya kawaida, ambayo mashine zake zilikwisha kulipiwa na watu wameizoea. Januari 2007 EarthShell nayo ilikwenda mahakamani kuomba kinga ya ufilisi. Hoja za mwaka 1998 na za mwaka 2021 ungeziweka mezani kwangu bila majina, ningedhani wanafunzi wamenakiliana.

Hata sokoni kwetu ningeweza kuyaona haya kama ningefumbua macho. Rambo zilipoondoka, walioshona mifuko mbadala mwanzo waliuza vizuri. Muda si muda kila kona ikawa na mshonaji na kila duka na mzigo wake, bei ikashuka. Sheria ilimfaa mnunuzi na korongo langu. Mshonaji wa kwanza haikumwahidi kitu.

Kosa la tatu ndilo linalonisumbua usiku. Hisa zilipoanza kushuka, nilimwuliza mpwa wangu kwa upole kama si vyema kuuza. Akanijibu kwamba wanaoeneza mashaka ni vibaraka wa makampuni ya mafuta, au ni wale wanaokopa hisa na kuziuza ili wazinunue tena kwa bei ya chini na kubaki na tofauti. Watu hao wapo, ni kweli. Lakini swali haliwi la uongo kwa sababu anayeliuliza atafaidika na jibu. Kikundi chao cha watu watano kilikuwa kimefika mahali ambapo kuuliza hesabu ni kuisaliti mazingira, na kila hisa iliposhuka walinunua nyingine, kama mtu anayeongeza sadaka. Mwizi wa kawaida hutumia tamaa yetu. Hapa hapakuwa na mwizi, na tamaa yao ilikuwa ndogo. Kilichowafunga ni wema wao. Nami nilikuwa nimewatangulia kufungwa, maana zile alama 17 niliipa mada, wala sikuipa hoja.

Siwacheki wawekezaji wadogo. Majaribio ya namna hii yanahitaji mtu wa kuyagharimia, na mengi yatashindwa kabla moja halijafaulu. Ila anayegharimia ajue kwamba anagharimia jaribio, na asifanye hivyo kwa fedha zenye mwenyewe.

Leo ningempa alama 6: nne za kweli alizozikusanya, mbili za hati nzuri. Na pambizoni ningeandika swali moja tu, "Fedha hizi ni za nani?"

Mpwa wangu aliuza mwaka 2023, akapata dola 310. Hakunilaumu, na hilo limekuwa zito kuliko lawama. Dada yangu hajui habari za hisa; aliambiwa kazi imekuwa ngumu huko. Mwaka jana alikopa katika kikundi chao cha akina mama akaezeka vyumba viwili kwa bati. Sebule bado imefunikwa kwa turubai la plastiki, la bluu, nami kila nikienda hunikaribisha hapo.