Nyongeza, Lumbesa na Pointi: Uhakiki wa Usemi wa Uaminifu katika Mpango wa My Nintendo kwa Kigezo cha Soko la Singida

Kampuni ya michezo ya video ya Nintendo, yenye makao yake nchini Japani, ilianzisha mpango wa My Nintendo mwezi Machi 2016, mwaka uliofuata ule wa kufungwa kwa mpango wake wa awali uliojulikana kama Club Nintendo. Mipango yote miwili hutambulishwa kwa wateja kwa maneno yanayofanana: mteja mwaminifu hukusanya pointi, na pointi humpatia tuzo. Sehemu hii inahakiki dhana hizo mbili, uaminifu na tuzo, kwa kuzipima na msamiati wa biashara unaotumika katika mkoa wa Singida. Mpango wenyewe hauna toleo la Kiswahili. Hata hivyo, mipango ya aina hiyo imekwisha kuingia katika simu za Watanzania kwa Kiswahili, na msamiati wake unazidi kuzoeleka bila kuhojiwa.

Singida imeteuliwa kwa sababu mahususi. Katika biashara ya vitunguu, ambayo ni miongoni mwa shughuli kuu za mkoa huu na ambayo kitovu chake ni soko la Misuna mjini Singida, kinachozidi kipimo kina majina mawili yanayopingana: nyongeza na lumbesa. Wazungumzaji hawayachanganyi. Msamiati wa uaminifu wa kampuni hauna tofauti hiyo, na hapo ndipo udhaifu wake unapoanza kuonekana.

Nyongeza hutolewa na muuzaji. Mnunuzi aliyechukua mafungu matatu ya vitunguu huongezewa viwili au vitatu juu, mbele ya macho yake na ya wengine waliopo. Haiandikwi popote na haidaiwi kwa mujibu wa kanuni. Lakini muuzaji anayemnyima mteja wake wa siku zote hujulikana kuwa mchoyo, na jina hilo lina gharama yake sokoni. Kwa hiyo nyongeza, ingawa ni hiari, humfunga zaidi mtoaji kuliko mpokeaji. Marcel Mauss, katika insha yake ya mwaka 1925 kuhusu zawadi, alisisitiza kwamba hakuna zawadi isiyokuwa na wajibu ndani yake. Mama muuza vitunguu hahitaji kumsoma Mauss ili alijue hilo.

Lumbesa ni kinyume chake. Mkulima hufikisha gunia, na mnunuzi hutaka lijazwe kupita mdomo wake, lishonewe kilemba juu, kisha lihesabiwe kuwa gunia moja. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na kanuni zake haziruhusu ufungashaji wa namna hiyo. Kikomo cha kifungashio cha mazao ni kilo 100, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukikemea lumbesa mwaka hadi mwaka. Kinachohusu uhakiki huu ni usemi wake. Lumbesa inaweza kudaiwa kwa maneno yaleyale ya undugu wa biashara: ongeza kidogo, sisi ni watu wako. Maneno ni ya nyongeza, tendo ni la lumbesa. Kigezo cha kuyatenganisha hakimo katika maneno bali katika maswali matatu: nani anatoa, nani anashika kipimo, na nani anaweza kukataa bila kupata hasara.

Kwa kigezo hicho, mpango wa My Nintendo unasomeka vipi? Mpango huu ulianza ukiwa na pointi za aina mbili, za dhahabu na za platinamu. Pointi za dhahabu zilipatikana kwa kununua michezo. Kwa mashine ya Nintendo Switch, mchezo ulionunuliwa kwa kupakuliwa kutoka duka la mtandaoni la kampuni ulimpa mnunuzi pointi zenye thamani ya asilimia 5 ya bei. Mchezo uleule, uliofungwa katika kaseti na kununuliwa katika duka la kawaida, ulimpa asilimia 1. Tofauti hii ndiyo sentensi yenye maana kubwa kuliko zote katika matini nzima ya mpango, ijapokuwa imeandikwa kwa tarakimu. Wateja wawili wanaupenda mchezo mmoja kwa kiwango kimoja na wanalipa fedha kamili. Uaminifu wa mmoja unapimwa kuwa mara 5 ya uaminifu wa mwingine. Ni dhahiri kwamba kinachopimwa si uaminifu. Kinachopimwa ni njia ya ununuzi. Anayetuzwa ni yule aliyempita mwenye duka na kwenda moja kwa moja kwa kampuni, akachukua mchezo ambao hataweza kumuuzia wala kumwazima jirani kama kaseti. Pointi za kaseti, kwa upande wao, zilidaiwa mara moja tu. Aliyeinunua ikiwa imekwisha kutumika hakupata kitu, hata kama angeicheza kwa miaka mingi.

Pointi za platinamu zinahitaji jicho la aina nyingine. Hizi hutolewa kwa vitendo: kuingia katika akaunti kila wiki, kutumia programu za kampuni, kutimiza kazi ndogondogo zilizopangwa. Club Nintendo nayo iliwapa wateja pointi kwa kujaza dodoso kuhusu bidhaa walizonunua. Katika Kiswahili, kinachotolewa kwa kazi iliyopangwa na mwenye kazi kina jina lake la siku nyingi, nalo ni ujira. Kuuita ujira tuzo ni kuuondolea swali la msingi ambalo kila kibarua huuliza kabla ya kushika jembe: ni kiasi gani? Aidha, mteja anayebadilisha pointi za platinamu kwa bidhaa ya kushikika katika soko la Marekani au la Ulaya hutakiwa kulipia usafirishaji kwa fedha taslimu. Tuzo inayolipiwa nauli na anayetuzwa ni jambo ambalo mshereheshaji wa ngoma angeona haya kulitangaza.

Rejeleo la ngoma halikuja kwa bahati. Kitenzi kutuza kina mazingira yake ya asili: mtazamaji huinuka, huenda mbele, na humpa mwimbaji au mchezaji zawadi hadharani kwa sababu amefanya vizuri. Kuna mashahidi. Heshima hugawanywa kwa pande zote mbili. Nomino uaminifu nayo ina ukoo mmoja na amana, na amana ni mali ya aliyeiweka hata ikiwa mikononi mwa mwingine. Haipungui kwa sababu mwenyewe amechelewa kuifuata. Pointi za dhahabu zilikuwa na uhai wa miezi 12, na za platinamu zina miezi 6. Vitunguu pia huoza, na mkulima wa Singida anajua hasara hiyo kuliko mtu yeyote. Lakini kuoza kwa kitunguu hakukuandikwa na aliyekinunua. Mwezi Machi 2025 Nintendo ilisitisha utoaji wa pointi za dhahabu, miezi michache kabla ya kuingiza sokoni mashine ya Switch 2. Mwezi Mei mwaka huohuo, kampuni ya Sony ilitangaza kuufunga mpango wake wa PlayStation Stars, ulioanza mwaka 2022. Katika matukio hayo yote mteja aliarifiwa. Hakuulizwa.

Ni haki kuzingatia hoja ya upande wa pili. Masharti ya mipango hii huchapishwa wazi, hakuna anayelazimishwa kujiunga, na asilimia 5 ni bora kuliko sifuri. Hoja hiyo ina uzito, na kwa sababu yake pointi haziwezi kuitwa lumbesa moja kwa moja. Lumbesa humpunguzia mkulima mali yake, ilhali pointi hazimpunguzii mteja mchezo alioununua. Kosa linalohakikiwa hapa ni dogo kuliko la lumbesa, nalo ni la kiusemi: mshika kipimo anajieleza kana kwamba ni mtoa nyongeza.

Ulinganisho na mipango ya Afrika Mashariki unasaidia kuonyesha kwamba kosa hilo linaepukika. Safaricom ya Kenya ilianzisha Bonga Points mwaka 2007. Bonga, katika lugha ya vijana wa Nairobi, ni kuzungumza. Jina linataja shughuli inayouzwa wala halimpi mteja sifa ya kimaadili. Pointi moja hupatikana kwa kila shilingi 10 za Kenya zinazotumika, na mwenye pointi anaweza kumhamishia mtu mwingine, jambo ambalo wanachama wa My Nintendo hawaruhusiwi. Kitu kinachoweza kutolewa tena kinaanza kufanana na mali. Hii yaweza kuwa ndiyo sababu tangazo la mwaka 2022, kwamba pointi zilizozidi miaka 3 zingefutwa, lilipokewa kwa manung'uniko: wateja walizungumza kama watu wanaonyang'anywa chao. Vodacom Tanzania, kwa upande wake, ilichagua jina la Tuzo Pointi. Ni jina tamu zaidi, na kwa kigezo cha sehemu hii ni dhaifu zaidi, kwa kuwa tuzo hiyo huja kwa ujumbe wa simu, bila ukumbi na bila shahidi.

Norman Fairclough, katika kitabu chake cha mwaka 1989 kuhusu lugha na mamlaka, anaeleza mbinu ya kuusemesha umati kana kwamba kila mmoja anasemeshwa peke yake. Usemi wa pointi umejengwa juu ya mbinu hiyo: pointi zako, tuzo yako, kwa ajili yako. Lakini kiwakilishi hicho kinamhitaji mwenye akaunti. Katika vibanda vya gemu vya miji ya Tanzania, vijana hulipia mechi au muda, na pedi moja hupita mikononi mwa wengi kwa siku. Tanzania haimo katika orodha ya nchi zinazohudumiwa rasmi na mtandao wa PlayStation. Mchezaji wa namna hiyo anaweza kucheza kila jioni kwa miaka na asitambulike na mfumo wowote wa uaminifu, wakati mwenye kibanda, anayemwongezea mechi moja umeme ukirudi, anamtambua kwa jina.

Kwa upande wa istilahi, iwapo mpango wa aina ya My Nintendo utatafsiriwa kwa Kiswahili, pointi za dhahabu zingestahili kuitwa punguzo la mnunuzi wa moja kwa moja, kwani ndivyo zilivyofanya kazi. Za platinamu zinaleta ugumu zaidi. Ujira ndilo neno lililo karibu, lakini ujira huambatana na makubaliano ya kiasi kati ya pande mbili, na hapa kiasi hupangwa na upande mmoja. Bahashishi nayo haifai, kwa kuwa hutoka kwa anayehudumiwa kwenda kwa anayehudumia. Ingawa, kwa kuwa mteja anayejaza dodoso ndiye anayeihudumia kampuni, huenda neno hilo halijakosea kwa umbali unaodhaniwa.