Besi na Beti: Sifa ya Spika Inayojua Kunyamaza

Malalamiko yanayosikika zaidi baada ya maonyesho mengi ya taarab siku hizi si kwamba mwimbaji alikosa sauti, wala si kwamba mtunzi aliishiwa na maneno. Ni kwamba maneno hayakusikika. Watu hutoka ukumbini wamelowa jasho, viuno vimechoka, na ukiwauliza ubeti wa pili ulisema nini, hutazamana. Wahakiki wetu wamezoea kumshika mtunzi kanzu: eti tungo zimekuwa nyepesi, eti vina vimelegea, eti mafumbo yamekuwa matusi. Huenda yote hayo yana ukweli wake. Lakini utahukumuje utungo ambao haukukufikia sikioni?

Makala haya yanashika njia nyingine. Yanadai kuwa sehemu kubwa ya kosa imo ndani ya sanduku la mbao lililosimama nyuma ya mpiga gitaa la besi, na kwamba kulichagua sanduku hilo pamoja na amplifaya yake ni jambo linalomhusu mshairi kama linavyomhusu fundi mitambo.

Besi si mgeni visiwani. Katika kidumbaki, besi ni sanduku, na jina lake ndilo hilo hilo: kasha la mbao, aghalabu lililokuja na majani ya chai, likatiwa fimbo na uzi mmoja. Mpigaji huukaza na kuulegeza uzi kwa kuivuta fimbo, na kasha lenyewe ndilo linalokuza sauti. Katika vikundi vikubwa kama Nadi Ikhwani Safaa, kilichoasisiwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, kilichoasisiwa mwaka 1958, kazi hiyo ilikuja kushikwa na besi kubwa ya kusimama, kwa mfano wa okestra za Misri. Ala hizi mbili, moja ya kimaskini na moja ya kifahari, zina tabia moja: uzi ukikwanyuliwa kwa kidole, sauti hutoka, hutimiza wajibu wake, kisha hufa. Baina ya mdundo na mdundo hubaki uwazi, na katika uwazi huo ndimo zinamopita silabi za mwimbaji.

Gitaa la besi la umeme, ambalo Leo Fender alilileta sokoni Marekani mwaka 1951, liliibadili hesabu hiyo. Mwili wake ni gogo lisilo na uwazi, kwa hiyo uzi wake hulia kwa muda mrefu zaidi, na bila ya amplifaya halifiki hata safu ya kwanza ya viti. Taarab ya kisasa iliyoshamiri katika miaka ya 1990 ilipolikumbatia gitaa hilo pamoja na kinanda cha umeme, ilikabidhi pumzi ya ubeti mikononi mwa mashine. Tangu hapo, swali la spika ipi inunuliwe limekuwa swali la fasihi, apende mtu asipende.

Historia ya mashine hizo yenyewe ilianzia kwenye besi ya kusimama. Ampeg, jina linaloheshimika sana katika uwanja huu, ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yanayotaja kile kijiti cha chini ambacho besi hiyo husimamia. Mwaka 1946, Everett Hull na mwenzake walikitia maikrofoni kijiti hicho ili besi isikike katikati ya matarumbeta.

Mimi ni mfasiri, na huziangalia amplifaya mbili za kampuni hiyo kama niwaangaliavyo wafasiri wawili wa diwani moja. Ya kwanza ni B-15, iliyotoka mwaka 1960: spika moja ya inchi 15 na nguvu isiyozidi wati 30. Huyu ni mfasiri mpole. Hulichukua neno la mwenyewe, akalivusha, akakaa kando. Kwenye chumba cha kurekodia na kumbi ndogo hana mfano, ila uwanjani sauti yake humezwa. Ya pili ni SVT ya mwaka 1969: amplifaya ya valvu yenye wati 300, iliyotengenezwa ili isukume masanduku mawili, kila moja lina spika 8 za inchi 10. Kundi la Rolling Stones lilizunguka nazo Marekani mwaka huo huo. Huyu ni mfasiri mwenye haiba. Kila afasiripo, yeye mwenyewe husikika, na akisukumwa zaidi huanza kunguruma. Katika roki, ambako besi hugombea nafasi na magitaa yanayokwaruza, mngurumo huo ni uhodari.

Msomaji atadhani nitamwambia amchague mpole amkimbie mwenye haiba. La. Sanduku la SVT ni zito, zaidi ya kilo 60, lakini limefungwa pande zote, halina tundu la hewa, na kwa sababu hiyo hushika noti na kuiachia upesi. Linapiga kelele likiamrishwa, na linanyamaza likiamrishwa. Yapo masanduku madogo ya bei nafuu, nusu ya uzito wake, yasiyoweza kunyamaza hata kidogo. Yametobolewa tundu ili yatoe sauti nene kuliko umbo lao, na tundu hilo lisipopimwa kwa ustadi, noti moja au mbili huvimba na kuendelea kuvuma baada ya kidole kuuacha uzi. Debe tupu haliachi kuvuma. Kwa hiyo hoja si ukubwa, wala si tundu kwa kuwa ni tundu. Hoja ni je, sanduku hili linajua kunyamaza?

Tuone basi uvumi huo unaufanya nini ubeti. Sikio la binadamu lina udhaifu mmoja: sauti nene yenye nguvu huifunika sauti nyembamba iliyo juu yake kwa wepesi kuliko nyembamba inavyoweza kuifunika nene. Uzi mnene wa gitaa la besi la nyuzi nne, ukipigwa wazi, hutetema kiasi cha mara 41 kwa sekunde, na ndani ya noti hiyo hiyo mna mitetemo ya 82, 123 na kuendelea juu. Sauti ya mwanamume huanzia kwenye mitetemo 100 na kitu, ya mwanamke karibu na 200. Sanduku linalovimba katika eneo hilo limekwishaingia nyumbani kwa mwimbaji na kukalia kiti chake. Konsonanti ndizo hufa mwanzo, maana ni sauti dhaifu za kupita. Hapo "penda" na "tenda" huwa neno moja, "dhana" haitengeki na "zana", na fumbo alilolifuma mtunzi kwa juma zima huanguka kwa herufi moja.

Wimbo wa taarab wa jadi, kama wajuavyo wasomaji wa kurasa hizi, una mishororo mitatu katika ubeti, mizani kumi na sita katika mshororo, kina cha kati kwenye mizani ya nane na kina cha mwisho kwenye ya kumi na sita. Msikilizaji hungojea sehemu hizo mbili kama mvuvi anavyongoja kamba ikazike. Na sehemu hizo hizo ndizo mpiga besi hupenda kuzitia uzito, kwa kuwa hapo wimbo hutua. Noti yake ikiwa fupi, kina hupata kiti cha kukalia. Ikiwa ni ya kuvuma, kina huzama, na mshororo unaofuata huanza ukiwa bado umebeba tope la uliotangulia.

Wauzaji hawatwambii hayo. Wao huuza wati. Mnunuzi huambiwa kuwa amplifaya ya wati 600 ina sauti mara mbili ya ile ya wati 300. Si kweli. Kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa kiasi kidogo, na ili besi isikike kuwa kubwa maradufu huhitaji nguvu ya takriban mara kumi. Linalofaa kuulizwa kwanza ni usikivu wa spika, yaani hutoa sauti kiasi gani kwa wati moja. Spika iliyozidi nyenziwe kwa desibeli 3 ni sawa na kununua amplifaya ya pili bila ya kuilipia. Na kuongeza sanduku la pili lililo sawa na la kwanza, maadamu amplifaya inaweza kuyabeba yote mawili, huleta faida kubwa kuliko kuongeza wati peke yake.

Sharti hilo la kubeba halina mzaha. Masanduku mawili ya omu 8 yakiunganishwa kwa namna ya kawaida huwa mzigo wa omu 4. Mawili ya omu 4 huwa mzigo wa omu 2, na amplifaya iliyoandikwa kuwa mwisho wake ni omu 4 itapata moto, izimike, au iungue katikati ya wimbo. Ya valvu ina sharti lake jingine: isipigwe kamwe bila ya kuunganishwa na spika.

Kisha kuna mahali. Katika Ngome Kongwe, ambako tamasha la Sauti za Busara limekuwa likikusanya watu tangu mwaka 2004, juu ni mbingu. Besi hupaa ikaenda zake, na spika mbili hazionekani kuwa nyingi. Katika ukumbi wa harusi wenye kuta za saruji na paa la bati, spika hizo hizo huwa mateso. Wimbi la noti nene ya besi lina urefu wa zaidi ya mita 8. Likigonga ukuta hurudi likakutana na lenzake, na mahali pengine besi huvimba, pengine hutoweka. Mpigaji aliyesimama pale inapotoweka hudhani haitoshi, akaongeza, na walio pembeni wakaziba masikio. Aghalabu pia sanduku lake liko chini, limeelekea ndama za miguu yake, na miguu haina masikio. Sanduku moja lililonyanyuliwa usawa wa kifua na kuondolewa kwenye pembe ya ukuta humpa mpigaji kujisikia bila ya kuwasumbua wengine. Kazi ya kuwafikia watu waachiwe spika za ukumbi, kwa waya utokao kwenye amplifaya kwenda kwa fundi mitambo, naye akate zile sauti za chini kabisa ambazo hula nguvu na hazina noti.

Uzito nao usidharauliwe. Vichochoro vya Mji Mkongwe havipitishi gari, na kila kilo huwa na mgongo wake au mkokoteni wake, seuze likiwapo safari ya kuvuka kwenda Pemba. Leo zipo amplifaya za wati 500 zisizofika kilo 3, na spika za sumaku nyepesi ambazo mtu mmoja hubeba kwa mkono. Wanaozibeza kuwa hazina roho ya valvu wana haki ya kupenda wakipendacho. Taarab haikuwa na haja ya mngurumo wa valvu, ina haja ya noti inayokuja na kuondoka kwa wakati wake, na hilo mashine hizi hulifanya vizuri zikikutana na sanduku zuri.

Vijana watanijibu, na jibu lao si la kupuuzwa. Watasema besi ni ya mwili, kwamba bibi harusi na mashoga zake hawakuja darasani, na kwamba ngoma ya pwani ilichezwa kabla taarab haijazaliwa. Nakubali. Mwili nao ni msikilizaji. Lakini kidumbaki huchezwa mpaka alfajiri kwa sanduku lisilo na waya hata mmoja, na wachezaji huitikia maneno huku viuno vikienda. Kinachouchezesha mwili ni mdundo wenye mwanzo na mwisho. Uvumi usiokatika huuchosha, kama mshororo usio na kituo unavyochosha pumzi. Anayeitetea spika inayovuma kwa jina la ngoma hajaitetea ngoma.

Kwa hivyo, anayekwenda kununua na asichukue gitaa peke yake. Aende na mwimbaji, na aende na mtu wa tatu mwenye kalamu na karatasi. Mwimbaji aghani ubeti ambao mwenye kalamu hajapata kuusikia, kwa maana ubeti unaojulikana husaidiwa na kumbukumbu. Aghani bila ya maikrofoni, amesimama kando ya sanduku, huku mpigaji akipiga kwa nguvu ya wastani na kuutembelea kila uzi. Mwenye kalamu asimame hatua kumi mbele na aandike anachosikia. Vina vyote sita vikifika kwenye karatasi, sanduku hilo linafaa. Kikikosekana kimoja, na wajaribu jengine, hata kama la kwanza lina taa nyingi na jina kubwa.

Muuzaji huenda akacheka, akasema sanduku mlilolichagua halina mvumo. Mlipeni, mlichukue.