Maongozi ya Mungu na Mkono wa Binadamu katika Kitabu cha Ruthu

Kitabu cha Ruthu, chenye sura 4 na aya 85 pekee, aghalabu husomwa kama hadithi ya subira iliyolipwa. Mjane wa Kimoabu anamwandama mkwewe, anaustahimili umaskini, na hatimaye Mungu anamtunuku mume na mtoto. Usomaji huu haukosi msingi, lakini unaliruka swali muhimu la kiusimulizi. Wahusika wa hadithi hii humtaja Mungu katika salamu, baraka, viapo na malalamiko yao. Msimulizi, kwa upande wake, anamhusisha Mungu na tendo mara mbili tu: habari inayomfikia Naomi kwamba watu wake wamepewa chakula (1:6), na Ruthu kujaliwa mimba (4:13). Baina ya aya hizo mbili wanadamu ndio wanaotenda. Makala haya yanashikilia kwamba maongozi ya Mungu katika kitabu hiki ni uaminifu unaotendwa na wahusika wenyewe, wala si muujiza unaowashukia. Aidha, uaminifu huo hauyafuti machungu ya Naomi.

Dhiki inajengwa kwa kasi na kwa kinaya. Njaa inaingia Bethlehemu, mji ambao jina lake kwa Kiebrania hufasiriwa kuwa 'nyumba ya mkate'. Elimeleki anahamia Moabu pamoja na mkewe na wana wawili, na kufikia aya ya 5 wanaume wote watatu wamekufa. Baadhi ya wafasiri wa kale wa Kiyahudi waliviona vifo hivyo kuwa adhabu ya kuihama nchi. Matini haisemi hivyo. Anayetoa sababu ni Naomi peke yake, naye anamtaja Mungu bila kuficha: Mwenyezi amemtendea machungu, hivyo aitwe Mara. Jina la Mungu analolitumia hapo, Shadai, ndilo linalotumika mara nyingi katika kitabu cha Ayubu. Hata hivyo, kinyume na Ayubu, Naomi hana marafiki wa kumkemea, na msimulizi pia hamsahihishi. Msomaji wa Kiswahili aliyelelewa na Ayubu wa tenzi, kielelezo cha subira, hana budi kutambua kwamba hapa imani inasema kwa sauti ya lawama. Anayemshtaki Mungu bado anamhesabu kuwa yupo na kwamba anawajibika.

Uaminifu nao una neno lake mahsusi. Neno la Kiebrania 'hesed', yaani wema unaotokana na kifungo cha uhusiano na unaopita kiwango cha wajibu, linajitokeza mara tatu (1:8, 2:20, 3:10). Mara ya kwanza Naomi anawasifu wakwe zake wote wawili kwa wema huo, Orpa akiwemo. Hivyo basi Orpa si mhusika mwovu. Anatii ushauri wa mkwewe na kurudi kwao, na msimulizi hamlaumu. Anawekwa pale awe kipimo cha Ruthu: ikiwa kurudi ni haki, kubaki ni zaidi ya haki. Ruthu anabaki baada ya kuelezwa waziwazi kwamba Naomi hana mwana mwingine wa kumwoza. Kwa maneno mengine, hana ahadi yoyote mkononi. Tena wafikapo Bethlehemu, Naomi anawaambia wanawake wa mji kwamba amerudi mikono mitupu, ilhali Ruthu yuko pamoja naye. Huzuni imemzuia asiione neema iliyoandamana naye njiani.

Ruthu anapokwenda kuokota masazo, msimulizi anasema kwamba ni bahati iliyomfikisha katika konde la Boazi (2:3). Katika Kiebrania nomino na kitenzi cha shina moja vimefuatanishwa, na bahati inasisitizwa kiasi cha kumtia msomaji shaka. Lakini bahati hiyo pekee haikutosha kumlisha mtu. Ilihitaji sheria iliyowaachia maskini na wageni masalio ya mavuno (Walawi 19:9-10), mwanamke aliyeondoka asubuhi kuyatafuta, na mwenye shamba aliyewaamuru vijana wake wayaangushe mengine makusudi. Efa ya shayiri anayoirudisha Ruthu nyumbani ni matokeo ya haya yote.

Hoja hii inafikia kilele chake katika neno 'kanaf', ambalo kwa Kiebrania lina maana ya bawa na pia ya upindo wa vazi. Katika 2:12 Boazi anamwombea Ruthu thawabu kwa Mungu ambaye amekuja kukimbilia chini ya mabawa yake. Katika 3:9, usiku kwenye uga wa kupuria, Ruthu anamtaka Boazi mwenyewe atandaze 'kanaf' yake juu yake. Ombi la Boazi linarudishwa mlangoni pake: aliyemwombea mgeni hifadhi anaambiwa awe hifadhi hiyo. Katika tafsiri zinazoweka 'mabawa' mahali pa kwanza na 'nguo' mahali pa pili, kiungo hiki hupotea, na pamoja nacho hoja kuu ya kitabu.

Ni kosa, kwa hiyo, kumwona Ruthu kama mjane aliyerithiwa tu. Hata kama mpango wa usiku ule ni wa Naomi, maneno ya posa ni ya Ruthu. Jamaa wa karibu zaidi, anayekataa kukomboa kwa kuhofia kuuharibu urithi wake, anaachwa bila jina, ingawa lengo la ukombozi huo lilikuwa kulidumisha jina la marehemu.

Mwisho wa hadithi ni wa furaha, lakini furaha yenye mipaka. Wanawake wa mji wanamwambia Naomi kwamba Ruthu anamfaa kuliko wana saba (4:15), na kwa kauli hiyo wanayajibu yale malalamiko ya mikono mitupu. Hata hivyo Maloni na Kilioni hawafufuki. Ruthu hatamki neno lolote katika sura ya 4, na mtoto aliyemzaa anatangazwa kuwa amezaliwa kwa Naomi. Mtoto huyo, Obedi, anakuwa babu yake Daudi, ijapokuwa Kumbukumbu la Torati 23:3 inawakataza Wamoabu kuingia katika kusanyiko. Mhakiki anayeihubiri subira pekee anawaondolea majirani wa mwenye dhiki jukumu ambalo hadithi imewatwika. Naomi hakupata jibu kutoka mbinguni. Jibu lake alikuwa mkwe aliyekataa kurudi kwao.