Blanketi la Missouri Pettway

Mwaka 1942, katika kijiji cha Gee's Bend, jimbo la Alabama nchini Marekani, Missouri Pettway alikuwa amefiwa na mumewe. Akamwita bintiye Arlonzia, wakakusanya nguo za kazi za marehemu, wakazichana na kuzishona ziwe blanketi la viraka. Arlonzia alikuja kusimulia kwamba mama yake alitaka kumkumbuka mumewe na kujifunika kwa pendo.

Wakazi wengi wa Gee's Bend ni vizazi vya watu waliotumikishwa kama watumwa katika shamba la pamba la Pettway, na jina la mwenye shamba hilo wanalo hadi leo. Ukata uliwaandama hata baada ya utumwa. Mwaka 1932 mjane wa mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha alidai deni lake kwa kutwaa mifugo na zana za kaya zipatazo 60. Katika nyumba kama hizo nguo haitupwi. Ikichakaa mwilini, huhamia kitandani.

Uso wa juu wa blanketi mshonaji aghalabu huupanga peke yake, kwa jicho lake mwenyewe. Kisha hutandaza pamba katikati, chini kitambaa kingine, na tabaka zote tatu hushonwa pamoja kwa sindano, mara nyingi majirani wakisaidiana. Yasogelee mablanketi yaliyotokana na nguo za kazi. Jinzi imepauka kwa jua na kufuliwa, lakini pale mfuko ulipobanduliwa pamebaki buluu iliyokolea, na penye goti pana kiraka juu ya kiraka. Alama hizo zingeweza kukatwa zikatupwa. Zimeachwa, tena zimepangwa mahali ambapo jicho litazikuta. Mtu asiniambie huo ni ufukara tu. Ufukara uliwapa washonaji vitambaa. Kuvipanga hivyo ni akili na mikono yao.

Mwaka 2002 mablanketi ya Gee's Bend yalitundikwa katika jumba la sanaa la Houston, kisha katika jumba la Whitney, New York. Mwaka 2006 yakachapishwa kwenye stempu za posta za Marekani. Wasifiaji wakayalinganisha na michoro ya mabingwa wa sanaa ya kisasa. Heshima hiyo washonaji wanaistahili, na ilichelewa mno. Ila anayeandika kibao cha maelezo cha kubandika ukutani asiishie kwenye rangi na mistari. Aandike na nguo zilikuwa za nani.