Boksi la Ponte: kitabu kilichogawanywa vipande 18

Mnara wa Ponte, wenye ghorofa 54 na urefu wa mita 173, umesimama Berea, Johannesburg, tangu 1975. Kanuni za jiji zilitaka kila jiko na bafu liwe na dirisha. Msanifu Rodney Grosskopff na wenzake wakaacha uwazi katikati ya mnara, mwanga ukashuka hadi chini kama kisimani. Kitabu kuhusu jengo la namna hiyo kipangweje?

Mikhael Subotzky na Patrick Waterhouse walianza kupiga picha humo mwaka 2008, mpango wa kuukarabati mnara ulipokuwa umekwama na nyumba nyingi zikiwa tupu. Walikwenda mlango kwa mlango: wakapiga picha milango yenyewe, mandhari ya madirishani, hata runinga zikiwa zimewashwa. Wakakusanya na makaratasi yaliyoachwa na wapangaji waliohama. Shehena yote hiyo ingeweza kuishia kwenye buku moja zito, picha mbele, insha nyuma, na insha hizo asizisome mtu.

Ramon Pez, msanifu wa kitabu hicho, *Ponte City* (Steidl, 2014), alizitenga picha na insha. Picha, ramani za ujenzi na nyaraka zikakaa kwenye kitabu cha jalada gumu. Insha na simulizi zikawa vijitabu 17, kila kimoja na jalada lake, vikawekwa pamoja na kitabu ndani ya boksi.

Huo ndio uamuzi ninaouheshimu kuliko yote. Ponte ilinadiwa kwanza kama makao ya fahari ya Wazungu, baadaye ikasemwa kuwa pango la wahalifu, na humohumo familia, nyingi zikiwa zimetoka Kongo na kwingineko Afrika, zikapika na kulea watoto. Kurasa zilizoshonwa pamoja zingelazimisha simulizi moja itangulie, nyingine zifuate. Vijitabu vilivyo huru havina wa kwanza. Unaanza na chochote, unakiweka kando ya picha, unarudi.

Gharama ipo. Kijitabu chembamba kikiazimwa maktaba ni rahisi kupotea, na boksi la namna hii ni ghali kuchapa. Kitabu kilipata tuzo ya upigaji picha ya Deutsche Börse mwaka 2015, kwa haki kabisa. Lakini mpangilio wenyewe ulishafungua mlango ambao haujatumika vya kutosha: vijitabu vile vinasimama peke yake. Vichapwe kwa karatasi ya kawaida, bila boksi, viuzwe kimojakimoja hapohapo Berea.